Alwa

Naanza na wimbi la msumeno
kwa kuwa ndilo lenye meno yote,
na kazi yangu usiku huu ni kung'oa.

Chumba ni cha nyuma ya duka la pembejeo, Mahuta.
Mifuko ya salfa imepangwa hadi darini,
vumbi lake limepenya mpaka kwenye herufi za kompyuta;
nikibonyeza S, inakwama.
Kompyuta yenyewe ni malipo ya mnada wa tatu,
mwaka ule korosho zilipotuheshimu.

Kijana mmoja wa Newala, Nampota, anataka mdundo:
"Dada, niwekee ngurumo ya msimu. Ile ya Juni.
Watu wakiisikia wanyooshe migongo."
Amelipa nusu. Nusu nyingine ni maneno.

Basi naunda mashine ya kupulizia bila mashine.
Nafungua bahasha, ndivyo ninavyoiita,
ingawa haina barua wala stempu,
ni mstari tu: unapanda, unashuka, unakaa, unaachia.
Mpando nauchelewesha. Injini ile haikuwahi kuitika mara moja;
baba alivuta kamba mara tatu, ya nne kwa tusi.
Mshuko kidogo tu, pale inapomeza mafuta na kukohoa.
Mkao naupandisha juu, mrefu,
mrefu kama safu za mikorosho tangu alfajiri
kabla upepo haujaamka kuiba dawa.
Mwachio,
hapo nakosea mara sita.
Nikiufupisha, injini inakatika kama shingo ya kuku.
Nikiurefusha, inakuwa kanisa.
Ile ya kweli ilizimwa, kisha ikaendelea
ndani ya kichwa cha mbebaji mpaka wakati wa kula.
"Bado inalia," alisema baba, tonge mkononi.
Sisi tukatazama nje.

Sasa kichujio.
Nazungusha duara kwenda kushoto
na meno yanadondoka, ya juu kwanza:
mluzi, mchakacho, mng'ao wa bati.
Unabaki mngurumo wa tumboni. Nampota atalipa.

Ningelala. Ila kichujio nilikisahau,
na nyuma ya mdundo kulikuwa na rekodi ya juzi,
mama akimwita mwanangu akaoge.
Mwanangu ni Salwa, jina walilolileta
mashangazi zake wa Mikindani; kwetu halikuwapo.
Hezi elfu mbili kushuka chini,
mama akasema kama aliyefunikwa blanketi:
Alwa. We Alwa. Leta 'abuni.

Nikarudisha nyuma.
Alwa.

Miaka minne baba anamwita hivyo
na sisi tunacheka, babu na mjukuu wana utani wao,
tukadhani anamwita halua,
hata Idi tukimwona anapita na sinia
tunasema, haya, babu, mjukuu wako huyo anauzwa.
Naye anacheka kwa kuwa tunacheka.

Misimu ishirini na miwili, bomba mgongoni,
kitambaa puani, masikioni hakuna kitu.
Hakuwa akitania. Alikuwa anarudisha alichopewa.

Nikakaa mpaka majogoo nikitengeneza S moja.
Kelele tupu, ile ya redio isiyo na stesheni,
nikaichuja ishuke hadi pale sikio lake lilipobaki,
bahasha fupi, kama pumzi ya mtu aliyekanyaga kaa.
Nikaibandika mbele ya jina.

Asubuhi nikamvalisha visikilizio.
Akafumba macho. Nikacheza mara moja, mara ya pili.
Akavivua taratibu, akaviweka juu ya mkeka.

"Umeweka mashine
mbele ya jina la mtoto," akasema.
"Izime."

Nikaizima.
Uani Alwa alikuwa analia, sabuni imemwingia jichoni,
na baba alishasimama kwenda.